Thonny kwa anayeanza Python: fungua kidirisha cha Variables

Kwa anayeandika Python, lugha ya kuandikia programu, kwa mara ya kwanza, tunaipendekeza Thonny kabla ya kihariri kingine chochote, na sababu kubwa ni kidirisha kidogo ambacho wengi hawakifungui.

Programu hii ilitengenezwa Chuo Kikuu cha Tartu, Estonia. Ni ya bure, inafanya kazi kwenye Windows, macOS na Linux, na ukiipakua kwa ajili ya Windows inakuja na Python ndani yake, hivyo huhangaiki kusakinisha vitu viwili. Ukishaifungua, nenda menyu ya View, weka tiki kwenye Variables, kisha andika hesabu ya dukani:

bei = input("Bei ya kilo moja: ")
kilo = int(input("Kilo ngapi: "))
print(bei * kilo)

Bonyeza F5 (itakutaka uhifadhi faili kwanza), jaza 3000, halafu 2. Jibu: 30003000. Hakuna maandishi mekundu wala onyo. Hapa wanafunzi wengi hukwama, na print haiwasaidii, maana huonyesha 3000 ileile iwe ni namba au matini. Variables ndiyo inayofichua: bei ni '3000', imefungwa kwa alama za nukuu, kilo ni 2, bila alama hizo. Siku zote input hurudisha matini, na matini ukiizidisha kwa namba nzima inajirudia tu. Izungushie bei int, inayogeuza matini kuwa namba nzima, kama ulivyofanya kwa kilo, alama zinatoweka na unapata 6000.

Sasa mteja ataka kilo mbili na nusu. int inaikataa '2.5' na kutoa kosa la ValueError, basi tumia float, inayokubali namba zenye nukta. Ila float nayo haikubali '2,5' wala '3,000'. Swali lenyewe limweleze mtumiaji aandike nukta, na maelfu asiyatenganishe kwa mkato.

Kitufe chenye picha ya mdudu, au Ctrl+F5, huendesha programu hatua kwa hatua. F6 hupita mstari mzima. F7 huingia ndani yake, na unaona kila kipande cha hesabu kikigeuka kuwa thamani yake. Kwa kuelewa kwamba input hutangulia na int hufuata, hatujaona njia bora zaidi. Mkifika kwenye input, kihariri huonekana kimeganda. Hakijaganda: kinasubiri uandike chini kwenye Shell na ubonyeze Enter.

Usihifadhi zoezi kwa jina random.py au turtle.py, kwani Python italichukua faili lako badala ya maktaba (msimbo ulioandikwa tayari) yenye jina hilo.

Kwa mradi wa mafaili mengi Thonny itakubana, na kutembea hatua kwa hatua ndani ya kitanzi kirefu (sehemu ya programu inayojirudia mara nyingi) ni kuzito mno. Ukitaka kukichunguza, punguza range(5000) iwe range(5) kwanza.