Rubabu nyumbani: ununue kisiki, mche au mbegu?

Kabla ya kutoa pesa, angalia unakaa wapi. Rubabu (rhubarb), mmea wa vikonyo vichachu, yaani mashina ya majani, vya kupikia jemu, hupenda baridi. Molo, Elburgon na Kuresoi, nyanda za juu za Kenya, ni kwake. Mjini Nakuru, mita 1,850 hivi juu ya bahari, itakubali ukiipa kivuli cha alasiri na maji ya kutosha Januari na Februari. Kisumu haifai: kwenye joto lile majani hunyong'onyea kila mchana na vikonyo hubaki vyembamba kama penseli. Wa Kisumu anayetaka jemu nyekundu yenye uchachu apande rozela (choya), nayo hufurahia jua.

Nambari moja: kipande cha kisiki

Kisiki ni sehemu nene ya chini yenye mizizi na macho. Kipande chake hukatwa kutoka kwa mmea mama wa miaka mitatu na kuendelea. Ndicho bora, kwa sababu kinazaa vikonyo vilevile vya mama yake: mama akiwa mwekundu na mnene, mtoto naye hivyo. Basi omba kuuona mmea mama kabla ya kulipa.

Nunua macho (vichipukizi), usinunue majani. Kipande kizuri kina jicho moja au mawili yaliyonona, na mzizi mnene ulioshikana nalo, walau wa ukubwa wa ngumi. Kibonyeze: kiwe kigumu kama kiazi kibichi. Kikibonyea, au ndani pakiwa na rangi ya kahawia na harufu ya uvundo, kimeshaoza na hakuna dawa. Muulize muuzaji kiling'olewa lini. Kilichong'olewa jana na kufungwa kwenye gunia lenye unyevu ni sawa. Kilicholala juani wiki nzima kando ya barabara kiache hapo hapo.

Nambari mbili: mche wa mfukoni

Hauna presha, kwani unaweza kusubiri mvua ukiwa kwenye mfuko wake. Lakini uliza kama ulitokana na kisiki au na mbegu, maana mche wa mbegu haufai kulipiwa bei ya mche wa kisiki. Pindua mfuko utazame chini: mizizi michache inayochungulia ni dalili njema, ila iliyojizungusha kama kamba ya katani imekaa mno humo. Usivutiwe na mche mrefu kupindukia. Huo umekosa mwanga kitaluni.

Nambari tatu: mbegu

Ni rahisi kwa bei, na zinafaa anayetaka mashina kumi au zaidi. Victoria ndiyo aina inayopatikana kirahisi. Tazama tarehe kwenye pakiti, kwa kuwa mbegu za rubabu huchakaa upesi. Loweka saa chache, fukia sentimita 2, na baada ya wiki moja hadi tatu zitachomoza. Shida ni kwamba miche haitafanana: mingine itatoa vikonyo vya kijani, mingine vyembamba. Panda mara mbili ya unavyohitaji, kisha ng'oa wanyonge. (Kijani si ugonjwa, kinaliwa vizuri tu.)

Vikonyo vya supamaketi visikudanganye. Ukivichomeka ardhini havitoi mizizi hata kidogo.

Ukishanunua

Subiri mvua ya Machi au Aprili. Chimba shimo la sentimita 45 kila upande, changanya udongo wa juu na debe moja la samadi iliyooza, uache mita 1 kati ya mashina. Jicho lifunikwe kwa sentimita 3 hadi 5 za udongo, si zaidi. Penye udongo mzito, inua tuta kwanza: maji yakituama shingoni, pale majani yanapotokea kwenye kisiki, kisiki huoza, na wengi husingizia mbegu mbaya. Udongo wa jivu la volkeno wa Nakuru una kasoro kinyume, hukauka upesi, kwa hiyo tandaza nyasi kavu ila zisiguse shingo.

Msimu wa kwanza usivune. Wa pili, chukua theluthi ya vikonyo tu, kwa kuvuta huku ukizungusha. Kisu huacha kigutu kinachooza. Bua la maua likitokea, likate mapema. Kwa kuwa huku hakuna majira ya baridi kali ya kuulaza mmea, huchoka mapema. Ugawe kila baada ya miaka mitatu au minne, upate na vipande vyako vya bure.

Kinacholiwa ni kikonyo peke yake. Majani yana asidi ya oksaliki yenye sumu, kwa hiyo yatupe kwenye shimo la mboji, mbali na mbuzi.