Miezi minne na CD za marehemu baba: uzoefu wangu na Exact Audio Copy na FLAC

Marehemu baba alituachia CD 86 ndani ya sanduku la bati, hapa Tanga. Nyingi ni taarab: za Unguja, za Mombasa na za vikundi vyetu wenyewe vya hapa mjini. Ziko za dansi pia, Msondo na Sikinde. Chini kabisa kulikuwa na zile za kuchoma kwa kompyuta, hazina kava wala picha, zimeandikwa kwa kalamu tu: "Mchanganyiko 4", "Harusi, Pangani". Deki yake ilikufa zamani, na laptopu yangu, kama nyingi za siku hizi, haina mahali pa kuingizia CD.

Wiki iliyopita nimemaliza kuzihamisha, kasoro nyimbo chache, baada ya miezi minne ya kufanya usiku na siku za mapumziko. Nimetumia DVD raita ndogo ya kuchomeka kwa USB na programu ya bure iitwayo Exact Audio Copy, na nyimbo nimezihifadhi kwa FLAC, aina ya faili inayotunza sauti yote bila kutupa kitu. Nimeridhika sana na matokeo. Lakini kabla ya kufika hapa nilipoteza pesa na nusura niharibu CD kwa mikono yangu, kwa hiyo naanza na makosa.

Kwanza nilipeleka CD kumi kwa fundi mmoja wa kuingiza nyimbo kwenye flashi. Alizimaliza kwa saa chache tu. Usiku nikavaa hedifoni. Rika, ile tari ndogo ya taarab, ambayo kwenye CD unasikia njuga zake moja moja, ilikuwa imegeuka mchirizo mmoja kama mafuta yanayochemka kikaangoni. Fidla zikipanda juu zinayumba, utadhani zinapigwa ndani ya maji. Kuangalia, kila faili ni MP3 ya kilobiti 128 kwa sekunde. Nikarudi kwake, nikaomba FLAC, nikalipa mara ya pili, nikapewa mafaili makubwa kweli kweli. Nikasikiliza: mafuta yale yale kikaangoni.

Hapo ndipo nilipoifahamu Spek, programu ndogo ya bure inayochora picha ya sauti kuanzia besi hadi sauti nyembamba kabisa. Wimbo uliotoka kwenye CD unaweza kufika karibu kilohezi 22 (kilohezi ni kipimo cha wembamba wa sauti). Picha za FLAC nilizouziwa zote zilikatika kwenye 16, mstari umenyooka kama uliokatwa kwa kisu. Fundi alikuwa amezichukua MP3 zake za mwanzo akazivisha kanzu ya FLAC. Faili ilinenepa, lakini kilichokwisha kutupwa hakikurudi. Tangu siku hiyo, nikipewa FLAC na mtu yeyote, naifungua kwenye Spek kabla sijashukuru.

Ili mwone nini kilitupwa, tufanye hesabu. CD ya muziki huipima sauti mara 44,100 kila sekunde, kila kipimo biti 16, na chaneli ni mbili, kushoto na kulia. Zidisha, unapata biti 1,411,200 kwa sekunde, zaidi ya megabaiti 10 kwa dakika. Wimbo wa taarab wa dakika 15 unachukua karibu megabaiti 160. MP3 ya kilobiti 128 inaubana wimbo huo huo hadi megabaiti 14 na kitu. Watafiti wa taasisi ya Fraunhofer kule Erlangen, Ujerumani, ambao ni miongoni mwa waliounda MP3, walitumia tabia moja ya sikio: sauti kubwa huifunika ndogo iliyo jirani nayo, basi ile ndogo hupewa biti chache au huachwa kabisa. Ni kazi ya akili nyingi, nami naiheshimu. Simu zetu za mwanzo zenye kadi za megabaiti 512 zingebeba nini bila MP3?

Tabu ni kwamba taarab imejaa sauti ambazo MP3 iliyobanwa sana inashindwa nazo. MP3 huukata muziki vipande vifupi vifupi na kukibana kila kipande peke yake. Pigo kali likiangukia katikati ya kipande, uchafu wake husambaa kipande kizima, hata kwa nyuma, kabla ya pigo lenyewe. Ganuni inadonolewa, lakini sikio linapokea vumbi kwanza, ndipo uzi ulie. Dumbak, ngoma ya mkono, vilevile. Gitaa la dansi linastahimili zaidi.

FLAC haitupi kitu. Inakunja tu, na ukiifungua unapata biti zile zile zilizokuwa kwenye CD, moja baada ya moja. Ilitoka mwaka 2001, ni ya wazi na ya bure. CD zangu nyingi zimeshuka hadi kati ya nusu na theluthi mbili ya ukubwa wake. Rekodi za zamani za mono zimeshuka zaidi, kwa sababu kushoto na kulia ni kitu kimoja; zile zilizotokana na kanda zenye mvumo zimekuwa kaidi, maana mvumo hauna mpangilio wa kuukunja. CD zote 86 zimeingia kwenye gigabaiti 31. Kadi ya memori ya 64 inazibeba na nafasi inabaki.

Sasa usafi, na hapa naomba msome polepole.

Sanduku la bati, joto na unyevu wa pwani: CD nyingi zilikuwa na kuvu na ukungu wa vidole. Mimi siku zote niliamini upande unaong'aa ndio wa kulindwa, kwa hiyo CD nikiiweka mezani naiweka picha chini. Nilikuwa nimekosea. Mwanga wa leza unapita kwanza kwenye plastiki ya polikaboneti yenye unene wa milimita 1.2, kisha ndiyo unafika kwenye muziki. Muziki wenyewe uko juu kabisa, chini ya picha, kwenye utando wa alumini uliofunikwa na rangi nyembamba tu. Mkwaruzo wa upande unaong'aa uko mbali na muziki na mara nyingi unavumilika. Mkwaruzo wa upande wa picha ukifika kwenye alumini, kipande hicho cha wimbo hakipo tena. Baba aliandika majina kwa kalamu ya wino ya ncha ngumu juu ya CD mbili. Nilipoziinua kwenye mwanga wa dirisha niliona vitundu vidogo vimefuata herufi zake.

Kusafisha kwenyewe si kazi. Puliza vumbi, suuza kwa maji safi yenye tone la sabuni ya vyombo, kisha futa kwa fulana kuukuu ya pamba, laini, ukinyoosha mkono kutoka tundu la katikati kwenda ukingoni. Usizungushe. Muziki kwenye CD ni mstari mmoja unaoanzia ndani na kuzunguka kwenda nje, kama ukili unavyozungushwa kushona kawa. CD ina hesabu za akiba za kujaza pengo, na zinaweza kuziba pengo la hadi milimita 2.5 hivi kwenye mstari. Mkwaruzo unaoukata mstari kwa kupita unakula kidogo tu kila mzunguko, na hesabu zinamudu. Mkwaruzo unaoufuata mstari unakula mfululizo, na hapo wimbo unakwama. Jirani alinishauri dawa ya meno, nikaisugua CD moja kwa kuzungusha kidole. Ilitoka na ukungu, na nyimbo mbili ambazo awali zilikuwa zikipiga zikaanza kuruka. Dawa ya kutolea rangi ya kucha msiisogeze kabisa, inaila plastiki. Na zile za kuchoma msizichovye majini, zipangusieni kitambaa tu.

Exact Audio Copy imetengenezwa na Mjerumani, Andre Wiethoff, na inafanya kazi kwenye Windows. Programu za kawaida husoma CD mara moja na kuendelea. Pakishindikana, kinachokosekana hukisiwa, na wewe unakuja kusikia mlio wa "tki" mwaka ujao. Hii, ukiiweka kwenye usomaji wa salama, inasoma kila sehemu angalau mara mbili na kulinganisha. Zikitofautiana, inarudi kwa mafungu ya mara 16 na kutaka majibu 8 yanayofanana. Pakiwa pabaya sana inaweza kusoma sehemu moja hadi mara 82. Mwisho inakuandikia ripoti ya kila wimbo, pamoja na sekunde zenye mashaka, ukasikilize mwenyewe.

Kuna pia huduma ya AccurateRip ndani yake, inayolinganisha nakala yako na za watu wengine duniani waliosoma CD hiyo hiyo. CD ya baba ya taarab za zamani za Tanga na Mombasa, iliyochapwa Ufaransa, ililingana nyimbo zote, nami nilifurahi kama mtoto aliyefaulu mtihani. CD zilizochapwa nyumbani nyingi hazimo kwenye kumbukumbu hiyo. Kwa hizo nilichagua kujaribu na kunakili: inasoma wimbo mara mbili nzima, na namba za uhakiki zikifanana, unalala usingizi.

Maandalizi ya mwanzo yalinichukua jioni moja. Maswali ni mengi, lakini yanajibiwa mara moja tu. CD safi ilikuwa ikinichukua kama robo saa. Chafu, saa mbili au zaidi. DVD raita ichomekwe moja kwa moja kwenye laptopu, kwani yangu kwenye kigawanyio cha USB ilikosa umeme wa kutosha na kusimama katikati. Majina ya nyimbo za nyumbani hayaji yenyewe, niliyaandika kwa mkono. Kwa hilo nilimketisha mama kando yangu. Anasikia mistari miwili tu ananitajia nani anaimba, nani kwenye fidla, na walipiga ukumbi gani. Nimeyaingiza yote ndani ya mafaili.

Kuhusu simu: nilimwomba mdogo wangu anipigie kipande kile kile bila kuniambia ni kipi. Kati ya FLAC na MP3 ya 128 nilipatia mara 9 kati ya 10. Kati ya FLAC na MP3 ya 320 nilipatia 5, yaani nilikuwa nabahatisha. Kwa hiyo kwenye simu naweka MP3 ya 320 na moyo wangu umetulia. FLAC ndiyo mama, inakaa kwenye "hard disk" mbili, moja hapa, nyingine kwa dada yangu Maskati. Kesho ikija aina nyingine ya faili naizalisha kutoka FLAC. Ukiizalisha kutoka MP3, unatupa mara ya pili.

Jambo moja ningelifanya tofauti: ningeanza na za kuchoma. Nilianza na zenye picha nzuri kwa sababu zilinivutia. CD ya kiwandani ina vishimo vilivyogongwa kwenye plastiki. Ya kuchoma ina rangi iliyounguzwa na leza, na rangi hiyo mwanga wa jua unaifisha. "Harusi, Pangani" nilikuwa nimeitoa sandukuni mapema na kuiweka dirishani na zenzake, ukingo mmoja umechomoza nje ya bahasha. Ilikaa pale wiki kadhaa ikisubiri zamu. Programu iliihangaikia usiku kucha, nikaamka ikiwa bado inarudia. Nyimbo saba za mwanzo zimetoka salama, na sauti ya baba inasikika ikimkaribisha bibi harusi. Mbili za mwisho ziko ukingoni, pale palipopigwa jua, na hazikutoka. Nimeifunga kwenye kitambaa cheusi. Rafiki yangu ana kompyuta ya mezani ya zamani yenye raita ya aina nyingine, na raita hazisomi sawa, Jumamosi naipeleka.