Cortland 444 Peach, DT4F: mshipi ulionirudisha kwenye mto Thego

Mshipi huu wa kuvulia samaki uko kwenye rili yangu tangu mvua za Novemba mwaka juzi. Kazi yangu ni kuwaongoza wageni wanaovua kwa nzi bandia, na hunipeleka mtoni siku tatu au nne kwa wiki, kwa hiyo nimeuona ukilowa, ukikwama na ukivutwa na samaki mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Namwandikia hasa anayevua mito yetu ya Mlima Kenya, Thego, Sagana, Ragati, Burguret, ambaye ameulizwa dukani achukue DT au WF na hajui herufi hizo zina maana gani.

Ni umbo la mshipi. Katika uvuvi huu nzi ni manyoya machache tu yaliyofungwa kwenye ndoana; hana uzito wa kumfikisha popote. Kinachorushwa ni mshipi wenyewe, naye anabebwa tu. WF (weight forward) umerundika uzito mbele: kichwa kinene cha mita kumi hivi au zaidi, halafu nyuma yake ni kembamba kama kamba ya kiatu hadi mwisho. DT (double taper) tumbo lake ni nene mwendo mrefu, kisha umechongoka huku na huku kama kiazi kitamu. Tarakimu ndiyo uzito, na F mwishoni inamaanisha unaelea.

Mimi nilianza kwa kukosea. Nilinunua WF4F, wa kampuni nisiyoitaja, kwa sababu muuzaji aliniambia DT ni mambo ya wazee na huu unaruka mbali. Mbali wapi, kwenye Thego? Pale ninapovua, ng'ambo ya mto ni mita sita, ukizidi ni nane. Kuna kidimbwi kimoja chini ya podo lililoinama ambako trauti wa upinde wa mvua hukaa pembeni mwa povu, pua juu ya mkondo, akila kila kinachopita. Niliurusha vizuri kabisa, ukafunguka hewani, halafu ukashuka majini pa! kama ufito. Yule samaki alikuwa chini ya mizizi kabla nzi hajagusa maji. Siku tatu mfululizo mambo yakawa hayo hayo, na mgeni aliyenilipa amesimama nyuma yangu.

Nikaupeleka kwa sonara mjini Nyeri. Kanuni inasema futi 30 za kwanza, yaani mita 9.14, za mshipi nambari 4 ziwe na uzito wa greni 120, karibu gramu 7.8; nambari 5 ni greni 140, gramu 9.1. Tukapima urefu kwa futi kamba, tukaukunja duara juu ya mizani anayopimia dhahabu: gramu 8.5. Boksi linasema nne, mizani inasema nne na nusu. Baadaye nikajua kwamba mishipi mingi ya siku hizi huongezwa uzito makusudi, ili fimbo ngumu za kisasa zipinde hata mikononi mwa mtu anayejifunza. Kwenye ziwa ni msaada. Kwenye kijito chenye maji ya kuonekana hadi kokoto ya chini ni balaa, na kama mchongoko wa mbele ni mfupi, nguvu yote ya mkono wako inafika kwenye ncha ikiwa bado mbichi.

Hapo ndipo Cortland huyu aliponipata. Kwanza, kwenye mizani ile ile alikaa pale pale panapotakiwa, gramu 7.8. Pili, na hili ndilo ninalomsifia zaidi, mchongoko wake wa mbele unapungua polepole. Ukirusha, kitanzi kinakuja mbele kikifunguka, nguvu inahama kutoka penye unene kwenda penye wembamba, na kila hatua inapotea kidogo. Ikifika kwenye lida, ule uzi mwembamba unaounganisha mshipi na nzi, imebaki ya kumgeuza nzi tu. Nilirudi kwenye podo lile na nzi aitwaye Kenya Bug, mdogo mweusi. Mshipi ulitua bila kuvunja povu. Samaki alipanda, akafunga mdomo, akazama naye. Nikakumbuka kuinua fimbo. Hakuwa mkubwa, alilala kwenye kiganja changu na mkia ukaning'inia, lakini nilitetemeka.

Jambo jingine ni miti. Mto Ragati umefunikwa. Nyuma yako kuna miiba, mianzi, na mara nyingine nyati ambaye askari wa msitu amekuonya habari zake asubuhi. Huna nafasi ya kurusha nyuma. Unauvuta mshipi taratibu hadi usawa wa sikio, unaacha tumbo lake lining'inie ubavuni likishikwa na maji, kisha unasukuma mbele ghafla, nao unaviringika juu ya mto. Kazi hii inataka unene karibu na ncha ya fimbo. Kwa WF, kichwa kikishatoka chote, kile kembamba cha nyuma hakiwezi kukisukuma kilicho kinene mbele. DT hauna mahali unapokatika hivyo. Unaviringika kwa mita tano, unaviringika kwa kumi na mbili.

Tena ni mishipi miwili kwa bei ya mmoja. Mwaka jana mgeni aliushika kwa mikono iliyotoka kupakwa dawa ya mbu, na dawa hizo zenye DEET huyeyusha ngozi ya plastiki. Mita mbili za mbele zikanata na kupasuka. Nilifungua wote nikauzungusha kwenye miti miwili, nikaugeuza, nikafunga ncha iliyoharibika ndani ya rili. Ncha ya pili ilikuwa haijaguswa na maji.

Rangi yake ya pichi wengine huiogopa. Mimi naipenda kwa sababu mgeni anauona mshipi wake kwenye kivuli. Lida ya mita mbili na nusu inamtenga samaki na rangi hiyo.

Usiubebe kila mahali, hata hivyo. Ziwa Ellis, juu ya mita 3,400 upande wa Chogoria, upepo hauna adabu, na pale nafunga WF5 bila kusita: unataka umbali, na kile kembamba cha nyuma kinateleza kwenye pete kikifuata kichwa. Watamu nako usiupeleke. Mishipi ya maji baridi hulegea kwenye joto la pwani ikanata kwenye fimbo. Kuna iliyotengenezwa kwa ajili ya bahari za joto.

Huu ulinigharimu karibu shilingi elfu kumi hadi kunifikia mkononi, pamoja na usafirishaji, na sijajuta hata shilingi. Nimeshaagiza DT3F kwa ajili ya Ragati ya juu, kule ambako mto unavukwa kwa hatua tatu na trauti anakuona kabla hujamwona.