Google Sheets kwa karakana ya bodi za sola: inafaa, ila dhibiti namba

Kwa karakana ya Arusha inayounganisha chaja kontrola za sola, yaani bodi zinazodhibiti umeme wa paneli unaoingia kwenye betri, Google Sheets, jedwali la mtandaoni, ndiyo njia nyepesi ya kuwaweka fundi, mnunuzi na mtu wa stoo kwenye orodha moja ya vipuri. Ni bure na inafunguka kwenye simu. Lakini ukiiacha ilivyo, itakuharibia oda.

Andika saizi ya rezista 0603, itabaki 603. Wati 1/4 inaweza kugeuka tarehe, na namba ya kipuri kama 12E5 inakuwa 1.20E+06, bila onyo lolote. Kabla ya kujaza chochote, chagua kolamu nzima ya saizi na ya namba ya mtengenezaji, kisha Format, Number, Plain text. Ukichelewa, sifuri iliyopotea hairudi yenyewe.

Kolamu yenye thamani kuliko zote ni ya mbadala. Chukua kapasita ya upande wa paneli: mikrofaradi 470, volti 50. Mnunuzi akiikosa dukani, akapewa ya 470 yenye volti 25 kwa bei nafuu, ataona ni ileile. Kumbe paneli inayoitwa ya volti 12, isipokuwa na mzigo, hutoa takriban volti 22, na asubuhi za baridi ya Julai hupanda zaidi, kwa kuwa seli za silikoni hutoa volti nyingi zikiwa baridi. Kapasita hiyo itafanya kazi karibu na kikomo chake, na inaweza kuvimba mapema. Kwa hiyo usiandike "mbadala upo". Andika mpaka wenyewe: volti 35 au zaidi, inayohimili joto la nyuzi 105, kipenyo kisizidi milimita 10. Kisha ifunge kolamu kwa Protect range, abadilishe msanifu wa bodi peke yake.

Salio la stoo lisifutwe na kuandikwa upya. Kila kinachoingia na kutoka kipate mstari wake kwenye ukurasa wa pili, fomula ya SUMIF ijumlishe kwa kila kipuri. Na kila mtu aingie kwa akaunti yake. Kiungo cha "yeyote ahariri" hukuachia historia ya watu wasio na majina.

Udhaifu mkubwa uko kwa msambazaji wa vipuri aliye Shenzhen, China. Google imezuiwa China bara, hivyo kiungo chako huenda asikifungue kabisa. Mtumie nakala ya xlsx (faili la Excel) yenye tarehe kwenye jina la faili, na majibu yake yaingizwe na mtu mmoja. Kolamu ya usafiri nayo itenganishe betri: lithiamu-ioni zinazosafirishwa peke yake zimepigwa marufuku kama mzigo kwenye ndege za abiria tangu Aprili 2016. Zipangie meli hadi Dar, halafu lori.

Bidhaa zikiongezeka na kugombea vipuri vilevile, Sheets inashindwa, maana haijui kutenga vipuri kwa oda fulani. Hapo InvenTree, programu ya kusimamia stoo ya vipuri, nayo ya bure, inafanya kazi hiyo vizuri, mradi kuwe na kompyuta isiyozimwa, UPS (betri ya kuishikilia umeme ukikatika), na nakala ya akiba kila siku.