Umnunulie mtoto nini Mwanza: kuanzia cha maana mpaka cha kuacha dukani

Kila ikifika Desemba na kila birthday swali ni lile lile, mtoto ana miaka mitatu, minne, mitano hivi, nimchukulie nini acheze na ajifunze kitu, afu hela yangu isiende bure. Mi kipimo changu ni kimoja tu: watoto wa jirani wakiingia, hicho kitu kitawatosha? Maana huku kwetu mtoto hachezi peke yake jamani. Uwe unakaa Nyakato, Igoma, Nyegezi, popote pale, ukitoa kitu kipya nje sasa hivi wameshajaa uani, na toi ya kuchezwa na mtu mmoja inageuka kuwa ugomvi, kilio, mwisho mama anaitupia juu ya kabati na ndo imeishia hapo. Kwahiyo nimepanga kwa kipimo hicho kwanza, uimara unafuata, bei inakuja mwisho.

Namba moja, na hapa sibishani na mtu, ni vipande vya mbao. Sio vya dukani kwenye boksi la rangi rangi, nenda kwa fundi seremala yeyote mtaani kwako umwambie akukatie mabaki ya paini, unene inchi moja, upana inchi mbili, urefu ndo ubadilike: vingine inchi mbili, vingine nne, vingine sita. Msisitize vipimo viwe sawasawa kabisa, maana raha yote iko hapo, vifupi viwili vikipangwa vinalingana na cha inchi nne na vitatu vinalingana na cha sita, mtoto anaanza kuona hesabu kwa mikono kabla hajajua hata kuandika tano. Vipande arobaini hivi vinatosha kundi zima. Fundi atakushangaa kidogo, mabaki yenyewe mengine yanaishia jikoni tu, kwahiyo unalipia zaidi kazi ya kukata na msasa. Na msasa usamehe bei lakini usisamehe kona, pitisha kiganja kila kipande kabla hujalipa. Usikubali akupakie rangi iliyobaki kwenye makopo yake, rangi nyingine zina madini ya risasi na watoto wadogo kila kitu mdomoni. Viache vyeupe hivyo hivyo.

Wa miaka mitatu atapanga mnara na kuuangusha, kazi yake ndo hiyo. Wa mitano utakuta anajenga daraja, na tangu lile la Kigongo-Busisi lifunguliwe 2025 watoto wa huku wote ni mainjinia, nguzo hapa, nguzo pale, kipande kirefu juu, ndala inapita chini ni feri. Likianguka usikimbilie kumtengenezea. Muulize nguzo zimeachana sana au?

Namba mbili chaki. Boksi moja la chaki za shule na sakafu ya saruji, basi. Naiweka juu kuliko madaftari ya kufuatisha nukta kwasababu mtoto wa miaka mitatu vidole vyake bado, anaandika vizuri zaidi akichora herufi kubwa kwa mkono mzima kuliko kumkunjia kalamu kwenye mstari mwembamba. Chora vyumba vya kurukia, weka namba, wewe unaita "saba!" wanakimbilia saba. Ukishaona wamezoea badilisha, ita "mbili na tatu" uone nani anaenda kusimama kwenye tano. Baba mwenye nyumba akilalamika, maji ndoo moja.

Tatu mpira, na kamba. Hapa sina maneno mengi, mpira wa plastiki wa bei ya chini unatosha umri huu, rede wanacheza, kamba wanahesabu wenyewe kila wakiruka. Ila kama unakaa mlimani kule Mabatini au Igogo kwenye mawe, chukua kamba uache mpira, ukishateleza kule chini hauonekani tena.

Nne vitabu vya hadithi vya Kiswahili. Vingeweza kuwa namba moja kama vingehimili mikono minane, ndo tatizo. Stesheneri za mjini vipo, chagua chenye picha kubwa na maneno machache, afu fanya hivi: soma ukurasa mmoja kwa sauti palepale dukani. Kama wewe mwenyewe umechoka kabla hujafungua wa pili, kirudishe, kwasababu mtoto atataka umsomee hicho hicho kila siku mpaka ukikariri. Na kama bibi yupo nyumbani anayejua hadithi za Kisukuma au Kikerewe, hiyo stoo haina bei, mtumie.

Tano ludo na drafti, kuanzia miaka mitano. Dadu inamfundisha kujua nne kwa kuangalia bila kuhesabu nukta moja moja, na inamfundisha kushindwa, ambayo kwakweli ndo ngumu zaidi, kuna siku bodi itarushwa. Drafti usinunue kete. Vizibo vya soda kumi na viwili upande huu vimelala, kumi na viwili upande ule vimefunuliwa, mchezo unaendelea.

Baada ya hapo ni vitu vya kati kati tu. Plastisini inachanganyika rangi siku ya kwanza na kuwa ya tope, bora ukande mwenyewe, vikombe viwili vya unga wa ngano, kimoja cha chumvi, maji kidogo kidogo mpaka ishikane, ila anayekula kila kitu usimpe, chumvi hiyo ni nyingi. Chati za ukutani za a e i o u sawa, kagua herufi kwanza maana nyingine zina makosa. Baiskeli inategemea na kiwanja, Mwanza na miinuko yake unaweza kununua kitu cha kusukumwa na wewe mzazi.

Cha mwisho kabisa, cha kuacha dukani, ni zile laptop na simu za betri zinazoimba. Unabonyeza bata inasema neno moja kwa kizungu cha ajabu, unabonyeza tena neno lile lile, mtoto anasikiliza tu, hafikirii chochote. Nyingi zinatumia betri zile ndogo za duara kama kidonge, na hiyo ndo sababu yangu kubwa. Mtoto akiimeza inaweza kumuunguza koo kwa ndani ndani ya masaa mawili, ni hospitali saa hiyo hiyo, sio kusubiri aitoe chooni. Kama tayari unayo hakikisha kifuniko cha betri kina skurubu. Na kwa walio chini ya miaka mitatu, chukua lile boksi la katikati la toilet paper, kitu chochote kinachopita humo asipewe, kwahiyo maharage na vizibo mbali nao, maharage yana tabia ya kuishia puani.

Kuhusu maji, maana watoto wa ziwani bila maji hawaelewi. Usiwaache wacheze pembeni ya ziwa kwenye maji yaliyotulia yenye majani, kichocho kinaingia kwa ngozi, hahitaji hata kuyanywa. Beseni uani, vikombe vya saizi tofauti, chujio, kopo lililotobolewa, wapime kipi kinajaza kipi. Kaa hapo hapo na ukimaliza mwaga, beseni lenye maji haliachwi na mtoto mdogo.

Hela ikibaki msiongeze toi, nendeni hifadhi ya kisiwa cha Saanane, boti pale Capri Point ni dakika chache tu na chini ya miaka mitano hawalipi kiingilio. Pimbi juu ya mawe, swala, mijusi ya kichwa chekundu, mpe kazi ya kuhesabu.

Kwa mjini mi naanzia Makoroboi, afu Mlango Mmoja kwenye mitumba, huko ukibahatika unakuta toi za mbao za nguvu kwa bei ya kuokota, Rock City Mall iwe ya kwenda kulinganisha bei tu. Popote utakapochukua ludo fungua palepale mbele ya muuzaji, kete 16, nne kila rangi, na dadu yake. Ukishaondoka hakujui.