Huduma ya mkoba ya nesi na bwana shamba, Lupiro: nyota tatu kati ya tano

Wengi mnaulizia lile gari la huduma ya mkoba linalomleta nesi na bwana shamba kwa pamoja huku kwetu Ulanga, mkoani Morogoro, ng'ambo ya daraja la Magufuli la mto Kilombero. Je, inafaa kuacha palizi ukapange foleni? Nendeni, ila mjue mnafuata nini.

Sifa yao kubwa ni kwamba wanafika madunguni. Msimu ukianza nusu ya kijiji tunahamia bondeni kulinda mpunga, zahanati tunaiacha huko juu. Mtoto akichemka usiku, mnakesha naye mpaka kuche ndipo mtafute bodaboda. Nesi wa mkoba anatoboa kidole, baada ya robo saa hivi majibu yako tayari, na mwenye malaria anaondoka na mseto wake wa siku tatu. Chanjo za wachanga anachoma hapohapo.

Halafu kichocho. Dawa za kingatiba, zile zinazogawiwa watu wengi kwa pamoja, mara nyingi huishia kwa wanafunzi, utadhani sisi tunaoshinda majarubani kutwa tuna ngozi ya mamba. Hawa walitupima watu wazima na kutugawia prazikwanteli. Ni vidonge vikubwa, vichungu, na waliovimeza na chai ya rangi tu walitapika palepale kwenye foleni. Kula ugali kwanza. Nesi hakutuficha: dawa inaua minyoo uliyonayo, lakini ukirudi kwenye maji yaleyale unaweza kuambukizwa upya. Na tutarudi, tutafanyaje?

Bwana shamba ni kijana anayevua viatu na kuingia topeni, hilo nampa. Kwa kimyanga, ule ugonjwa wa virusi unaogeuza mpunga kuwa njano, alisema kweli: hakuna dawa ya kupuliza, ng'oa mashina yaliyougua mapema. Jirani yangu alikuwa ameshauziwa chupa mbili dukani! Kisha akatufundisha kilimo shadidi: mche mmoja kila shimo, ungali wa siku 8 hadi 12, nafasi ya sentimita 25 kwa 25 kwa kamba yenye mafundo, na maji uyaingize na kuyakausha kwa zamu. Nesi akadakia kuwa jaruba likikauka hivyo, viluwiluwi vya mbu navyo vinakufa.

Sawa, lakini huku nani anayafunga maji? Kipande changu cha juu, chenye mfereji, mpunga wa aina ya SARO 5 ulitoa machipukizi mengi, mbegu nikatumia kidogo mno. Kule chini mto ndio unaoamua. Mafuriko yakija, mche wa siku kumi unazama wote, kwa hiyo huko napandikiza miche mirefu kama walivyofanya wazee. Tulipomuuliza hili, alifungua ukurasa mwingine wa bango lake.

Kinachowanyima nyota ni ratiba. Somo la kitalu lilikuja wakati tunapura, na kitalu huku ni Desemba. Wakiahidi saa mbili asubuhi, watarajie saa tano. Vipimo vya malaria navyo viliisha kabla ya foleni, na waliobaki wakaambiwa wapande zahanati, kulekule walikoshindwa kwenda.

Ukienda, beba kadi ya mtoto, uwahi kuandikisha jina kwa mwenyekiti wa kitongoji, na swali la mafuriko mwulizeni tena bwana shamba.