Uzoefu wangu: picha za bahari za Jamie Wyeth, Farnsworth, Rockland

Kwa nyie mnaokaa Portland na Lewiston, kila wikendi mnalalamika huku Maine, Marekani, hamna pa kwenda, endesheni gari mpaka Rockland mkaone makumbusho ya sanaa ya Farnsworth. Kiangazi barabara inajaa sana kwahiyo tokeni asubuhi.

Mi nilifuata picha za mchoraji Jamie Wyeth. Kwao kuchora ni kazi ya ukoo, babu yake N.C. Wyeth alikuwa anachora picha za vitabuni, baba yake Andrew ndo yule wa picha ya Christina's World ya 1948 (msiitafute hapa, iko New York), shangazi zake nao wachoraji, na mmoja wao, Carolyn, ndo alimfundisha utotoni. Ukiwa na majina hayo nyuma yako milango inafunguka, hilo halina ubishi, ila mkono ni wake mwenyewe. Andrew alipenda tempera, ile rangi inayochanganywa na kiini cha yai, tena kahawia na kijivu, mstari mmoja mmoja kwa subira, mtoto yeye anabandika rangi nzito mpaka ukisogea karibu unaiona imevimba.

Sasa mi mtoto wa Tanga, picha za pwani nilizokua nazo ni zile za kuuzia watalii, jahazi, mnazi, jua linazama, basi. Huyu hana habari na hizo! Kisiwa chake cha Monhegan ni mawe, upepo, maji ya baridi yanayopiga kwa hasira, na shakwe. Tena shakwe wenye sura za kijambazi, wanapora, wanagombana, yaani ni kunguru wa kwetu kabisa pale wanaposhusha samaki. Kachora mpaka dhambi saba kuu, zote kwa shakwe, mi nilicheka mwenyewe mbele za watu. Lakini anawajua, maana alinunua nyumba Monhegan miaka ya 60 mwishoni, ile aliyoijenga mchoraji Rockwell Kent, sio mtu wa kupita tu na kamera.

Picha nyingi za ukoo huu zinawekwa kwenye jengo la Farnsworth lililokuwa kanisa, ila huwa wanazibadilisha, so angalieni tovuti yao kwanza msije mkakuta zilizopo sio mlizozifuata. Na mkitaka kuona Monhegan yenyewe boti zipo Port Clyde, bebeni jaketi hata kama ni Julai.